Filamu ya Sila na Kochi la Dada Hamida

Jumamosi, 28 Juni 2025

Kinyaa! Nimetoka kutazama filamu ya Sila, hata chakula hakipiti. Sila huyuhuyu niliyesoma naye chuo, aliyekuwa akinakili noti zangu — leo dairekta! Viti vya plastiki, projekta inakoroma, ukumbi mzima unanuka kisamvu cha jirani.

Inaitwa "Mgeni wa Sebuleni". Kijana Joel anamaliza chuo, anakuja Dodoma kwa shangazi yake siku mbili tu, ana intavyuu. Haondoki. Basi, ndiyo hadithi yote! Hakuna mapenzi, hakuna mchawi, hata kofi moja hakuna. Joel anapiga pasi shati — pasi mpaka mwisho, kola, mikono — halafu haendi popote. Kila akiaga, shangazi anamwambia kwa adabu, kama tunavyoambiana wote, mbona haraka, kaa kidogo. Na yeye anakaa! Anaamini! Mwaka unapita. Watoto wa shangazi wanaanza kumwamkia shikamoo, anageuka nyuma kutazama anaamkiwa nani.

Watu walicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Kochi la Joel ni la kahawia, limebonyea upande mmoja. Kama hili la dada Hamida ninalokalia nikiandika.

Jumapili, 29 Juni

Nimempigia Sila, nimemfokea. Umenichora mimi, mshenzi wewe! Akacheka. Eti kila aliyeitazama anadai kachorwa yeye. Eti Joel ni yeye mwenyewe, enzi analala kwa kaka yake kule Mlimwa. Halafu bila haya ananiomba niseme maneno mawili Alhamisi, filamu inaonyeshwa tena. Eti wewe ndiye mwenye Kiswahili, Mwanne.

Nikakubali. Sijui kwa nini nakubali kila kitu.

Jumatano, 2 Julai

Baridi, upepo, vumbi mpaka kwenye meno. Mwalimu Petro kapiga simu kutoka Kolo, kule Kondoa. Ana shule ndogo ya binafsi, anataka mwalimu wa Kiswahili. Wanafungua Jumanne, nisipoonekana anampa mwingine. Nikasema nitamjulisha. Nasubiri ajira ya serikali mwaka wa nne sasa, hapa kwa dada, na kila anayenitafuta namwambia nitamjulisha!

Nilikuwa naongea kwa sauti, hapa hapa kochini. Shemeji Iddy akakohoa kwanza mlangoni, akapiga hodi. Hodi! Sebuleni kwake! Akachukua chai yake akainywea amesimama, maana nilikuwa nimejinyoosha. Akaniuliza kama nimelala vizuri. Nilitamani anitukane.

Alhamisi, 3 Julai

Nimeitazama tena. Ni nzuri. Inaniudhi jinsi ilivyo nzuri.

Ule upepo unaovuma kwenye maiki filamu nzima, Jumamosi nilidhani ni ubovu wa vifaa. Leo nimeusikia vizuri. Ndani ya nyumba ile hakuna kingine kinachosogea. Na Sila hakumpa Joel adui hata mmoja. Shangazi mwema, mumewe mwema, chai ipo. Mtu anaoza taratibu katikati ya wema, na kamera imetulia tu, haimsaidii. Nikayasema hayo mbele za watu. Wakapiga makofi.

Mama mmoja mwenye kitenge akasimama. Sasa mwanangu, kosa la nani? Shangazi angemfukuza mtoto wa ndugu yake?

Nikasema hapana mama. Joel alikuwa anajua. Alikuwa anajua tangu ile "kaa kidogo" ya kwanza.

Makofi tena. Nikatoka nje, nikatema mate. Mnafiki mkubwa mimi.

Jumatatu, 7 Julai

Basi la Kondoa ni saa nane mchana. Asubuhi wakati wa chai nikaaga. Nimepanga begi, nikasema dada, naenda Kolo leo, nimepata shule. Lakini nilivyosema! Kwa ile sauti ya kuomba kuzuiwa.

Dada akaweka kikombe chini. Heh, mdogo wangu, mbona haraka hivyo? Kaa kidogo, huenda wiki ijayo wakatangaza ajira.

Utamu ulioje! Nikalisukuma begi chini ya kochi kwa mguu. Kwa mguu! Kama mtu anayeficha uchafu. Watoto wakapita kwenda kucheza, shikamoo mama mdogo, shikamoo mama mdogo. Nikaitikia huku natazama simu.

Saa sita nikaenda jikoni kurudisha kikombe. Nyuma ya gunia la mkaa kuna jogoo mwekundu, amefungwa miguu. Pembeni yake mfuko wa karanga, umefungwa fundo. Kwetu kijijini Busi mama alimfunga jogoo hivyo kwa shughuli moja tu, zawadi ya kumsindikizia mgeni anayeondoka. Nikajiambia dada kakimbia sokoni nilipoaga. Kisha nikaona sakafu. Jogoo amekunya pale kila mahali, na kinyesi kingine kimeshakauka, kimeganda kwenye saruji. Huyo yupo tangu juzi! Tangu kabla sijafungua mdomo. Dada aliisikia ile simu ya Petro, akanunua jogoo, akasubiri.

Na bado kaniambia kaa kidogo. Angesema nini kingine, maskini?

Nimerudi sebuleni, nimelivuta begi. Dada kaniona. Karudia tena, kwa upole uleule, mbona haraka mdogo wangu. Macho yake hayakunitazama.

Saa saba na nusu sasa. Jogoo anapiga kelele jikoni, dada kaongeza sauti ya tivii. Shemeji anabisha hodi. Na mimi nimekaa hapa kochini, begi mapajani, naandika.