Udongo wa Chumba Chako

Kikwajuni, Ng'ambo,
Unguja.
14 Juni 1971

Mpendwa kaka Mabrouk,

Shikamoo. Natumai Mombasa imekuweka vyema na kifua chako kimetulia. Huku sote wazima, Alhamdulillahi. Mama magoti yanamsumbua, lakini ulimi wake hausumbuliwi na chochote.

Sasa habari ya nyumba, na usishtuke. Masika haya ukuta wa chumba chako uliporomoka. Hakuna aliyeumia. Tukamwambia Mama tuivunje yote tujenge upya, akakataa katakata. Alisema nyumba uliyoiacha mwaka wa sitini na nne ndiyo utakayoirudia. Nilikasirika, kaka, maana kila mvua ikinyesha udongo ulimdondokea naye amekaa tu.

Aliyetutoa katika mkwamo huo ni fundi Matar. Ana mashine ya mkono ya kushindilia udongo, hutoa matofali makubwa, moja lataka watu wawili kulinyanyua. Hayachomwi, hukaushwa kivulini. Akamwambia Mama udongo wa kuta za zamani unafaa, ukipondwa, ukachungwa kwa chekeche na kutiwa chokaa. Kesho yake Mama akaomba jembe la kubomolea kuta.

Majirani wakaja kama wanavyokuja mtu akikandika nyumba, ndoo vichwani, Bi Kazija mbele na nyimbo zake. Matar aliporudi kutoka kusali adhuhuri, udongo ulikwishaloweshwa na kukanyagwa ukawa tope. Kumbe mashine yataka unyevu kidogo tu. Matofali ya mwanzo yalilegea kama boga la kuchemsha. Tulicheka, tukaanika tope, tukaanza tena.

Lakini niliwaona majirani wamesimama, hawajui mikono waiweke wapi, chuma kinafanya kazi yao. Nilihuzunika. Mama naye aliliona hilo, akawapa kazi ya kubeba na kupanga matofali, na ubwabwa akawapikia vilevile.

Kuta zimesimama. Jana Mama aliweka kiganja kwenye ukuta wa chumba chako, akaniambia nikuandikie kuwa tope ulilokanyaga na marehemu Baba ulipokuwa mdogo limo humu, kwa hiyo usije ukasema nyumba yako ilivunjwa.

Shemeji yako Hamad na Bi Kazija wanakusalimu sana. Mola akukinge na kila shari, akufungulie njia.

Chumba kimefagiwa, na Mama hamruhusu mtu kulala humo. Njoo, kaka.

Mimi nduguyo nikupendaye,
Mwanamwema