Usiseme Unaumwa, Sema Ukuta Umepasuka

Al Twar, Dubai
Jumapili asubuhi

Mdogo wangu Salma,

Kosa tunalolifanya walimu wengi tukiogopa kazi ya hatari ni kuumwa. Hatusemi hapana. Tunapeleka ujumbe asubuhi kuwa tumbo linakata, tunabaki nyumbani siku mbili, tunajiona tumesalimika. Jana uliniandikia kuwa na wewe kesho utaumwa, ndiyo maana nimekaa nikuandikie barua nzima. Nitaipiga picha nikutumie, maana jambo hili halitoshi kwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili.

Kwanza nijue hali zenu. Goti la Mama limepungua kuvimba? Mwambie ile dawa ya kuchua aipake kwa mkono mwepesi, si kama anakanda unga. Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Joto limeanza, kutoka mlangoni hadi kwenye basi la skuli nguo zinagandana na mwili.

Picha ya ukuta wa darasa lako nimeitazama mara nyingi. Ufa unaoingia vidole viwili, kutoka dirishani hadi darini, na chini yake wamekaa watoto. Unasema mwalimu mkuu amekwambia uvumilie mpaka likizo. Sasa nikusimulie yaliyonifika mimi.

Maabara ya kemia ya skuli ninayofundisha ina kabati la kioo lenye feni ya kunyonya mvuke. Mwaka jana feni ile ilikufa. Nikamwambia mwalimu mkuu kwa mdomo, tumekutana kwenye ngazi; akanijibu inshallah na akaendelea kupanda. Wiki ile kulikuwa na siku ya wazazi, na nikapangiwa kuonyesha jaribio la asidi na shaba, ambalo hutoa moshi wa kahawia unaochoma kifua. Niliogopa. Lakini viza yangu iko mikononi mwa skuli, na kwa umri wangu sikutaka kuitwa mkaidi. Nikaumwa kichwa.

Nafasi yangu akapewa Wanjiru, Mkenya anayefundisha biolojia. Hakuna aliyemwambia habari ya feni, kwa sababu mimi niliyeijua nilikuwa kitandani na kichwa changu kizima. Moshi ulipozidi aliwatoa wazazi na watoto, yeye akawa wa mwisho kutoka. Alikohoa wiki tatu.

Niliporudi alikuja chumba cha walimu, akakaa mbele yangu na kikombe chake cha chai.

"Mwalimu, ulikuwa mgonjwa ama ulikuwa mjanja?"

Nikajifanya nasahihisha madaftari.

"Sawa. Lakini siku ingine ukiwa mjanja, niambie, na mimi niwe mjanja."

Akacheka, kisha kikohozi kikamshika.

Hapo ndipo nilipofahamu. Ugonjwa wa uongo unakuondoa wewe, hauiondoi hatari. Tena unafuta ushahidi: kwenye kumbukumbu za skuli imeandikwa mimi Zuwena niliumwa, haikuandikwa feni ni mbovu. Sheria ya kazi ya huku, ukitaka ikulinde, inataka kujua kama mwajiri aliarifiwa. Neno la kwenye ngazi nani atalithibitisha? Sheria ya kwenu isome mwenyewe, au muulize mwakilishi wa chama cha walimu. Usiichukue ya huku ukaipeleka huko.

Muhula uliofuata nikapangiwa maabara ile ile, na feni bado mbovu. Safari hii nikaandika ukurasa mmoja: kitu gani kibovu, tangu lini, kinaweza kumdhuru nani, na nitafundishia wapi mpaka kitengenezwe. Nikaupeleka mwenyewe ofisini.

"Kwa hiyo unakataa kazi?" mwalimu mkuu akaniuliza.

"Hapana, madam. Kazi naitaka. Ninachokikataa ni kile chumba."

Aliusoma mara mbili. Hakufurahi, na mwezi mzima alinisalimia kwa kichwa tu. Lakini maabara ilifungwa siku ile ile, nikafundisha darasani kwa ubao na picha, na fundi akaja wiki ya pili. Mkataba wangu nao umetiwa saini upya, ingawa mwaka huu niliusubiri kwa wasiwasi kuliko miaka yote.

Siwezi kukuahidi kuwa mwalimu mkuu wako atakuwa mwepesi. Ila wewe ukiumwa kesho, Bi Rehema wa darasa la jirani yako ataingizwa chini ya ukuta ule, na watoto hawatakuwa wamesogea hata hatua moja. Kwa hiyo nenda skuli. Wapeleke ukumbini, au popote mbali na jengo lile, wafundishe huko, na usiwaache peke yao hata dakika. Ukiulizwa, jibu kwa upole kwamba darasani hutaingia nao mpaka mtu wa majengo aukague ukuta.

Mama mpe salamu zangu pamoja na busu la mkono. Shemeji yangu Khamis mwambie asikutishe na habari za kuhamishwa skuli. Bora kesho akusindikize mpaka getini. Na shangazi yetu Bi Mwanakhamis, aliyenishika mkono nikaandika herufi yangu ya kwanza, msalimie kipekee.

Leo hii chukua karatasi, uandike ufa ulivyo, tangu lini, na nani anakaa chini yake. Tia tarehe na saini, kesho umkabidhi mwalimu mkuu, na nakala moja ibaki kwako.

Dada yako,
Zuwena