Gari Halikukushinda

Saidi,

Sijui barua inaanzwaje kwa mtu ambaye nimemmwagia udongo kwa mikono yangu. Nikikupa salamu za dini yenu utacheka, utasema Nestori amesilimu kwa woga. Basi niseme tu kwamba sisi tupo. Garaji ipo. Ziwa limepanda tena hapa Rumonge, limekula ua wa nyuma mpaka kwenye mlundo wa tairi zako, na kila asubuhi nachota maji kwa ndoo kabla ya kufungua. Mkeo Zena na watoto ni wazima wa mwili. Mengine juu yake nitayafikia, maana ndiyo yaliyonikalisha hapa niandike.

Pikapu yetu iko kwenye kona, nimeifunika turubai. Paa lake limebonyea hadi kwenye stelingi. Wateja wakiuliza nawaambia nasubiri vipuri, na miezi minne sasa hakuna kipuri hata kimoja ninachosubiri. Nikipita karibu nayo nageuza uso kama mtu aliyekosana na jirani.

Unakumbuka ilivyofika hapa? Mvua ilikuwa imekata barabara ya kule kilimani juu ya Kigwena, na watu wa kule, wakamuaji wa mawese, walibaki na njia moja tu, lile korongo la mawe makubwa. Mafuta walishusha kichwani, wagonjwa wakawashusha kwa machela. Wewe ukaja umelivuta gofu la pikapu kwa kamba, halina milango, ukasema, "Nesto, hii tutaifundisha kupanda mawe." Mtaa mzima ulicheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikavaa miwani ya kuchomelea.

Sijawahi kufurahia kazi kama ile. Tulinyanyua bodi, tukafunga springi za lori. Difu la nyuma tulilichomelea ili magurudumu mawili yazunguke pamoja, hata moja likining'inia hewani lingine lisukume. Tulikata bodi juu ya matairi, tukapunguza upepo mpaka tairi zikalala na kulishika jiwe. Kila jambo tulibishana. Wewe ulinitania kwa Kiswahili changu cha kambini, ukisema miaka yote ile ukimbizini Tanzania imenifanya niongee kama redio. Mwezi wa Ramadhani nilikula muhogo wangu nyuma ya garaji nikijificha usinione, nawe ukapiga kelele kutoka chini ya gari, "Nesto, harufu ya muhogo nayo iko dhambi!"

Na ulikuwa na neno lako moja ulilolirudia mpaka likanichosha: "Gari kupanda si kazi. Kazi iko kutelemuka."

Asubuhi zile za majaribio nimezipitia kichwani mara nyingi kuliko sala zangu. Tulikuwa tukitoka alfajiri, kabla ya wateja. Kule chini ya korongo tulipakia mapipa ya mawese tuliyoazimwa, yamejaa nusu, yawe mzigo wa kupimia. Wewe ulishika stelingi, mimi nilitangulia kwa miguu nikikuonyesha mawe kwa mikono: kushoto, kulia, kiganja wazi simama, ngumi twende. Ulikuwa hutazami jiwe kabisa. Ulitazama mikono yangu. Mara ya kwanza nyuma ilikuwa ngumu, gurudumu lilibaki juu kama mguu wa mbwa anayekojoa. Nikatoa jani moja la springi ili ilegee. Bado ngumu. Nikatoa la pili. Siku ile pikapu ilijikunja juu ya mawe vizuri ajabu, na mapipa yalikaa kimya nyuma, hayakutikisika hata kidogo. Nikakuambia nimepata kipimo. Nilijisifu sana, Saidi.

Mtoto yeyote wa Rumonge anajua mawese huganda usiku na kuyeyuka jua likipanda. Mama zetu huweka chupa juani kabla ya kupika. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Lakini nilijua jikoni, sikujua kwenye gari. Alfajiri zote zile tulipima kwa mafuta yaliyoganda, na mimi nikailainisha nyuma kwa kipimo hicho.

Halafu ikaja siku ya safari ya kwanza, tukapanda tupu kuwachukulia mafuta. Unawajua watu wa kule, hawachanganyi mafuta. Kila nyumba na pipa lake, kwa sababu kila mmoja anaamini ya mwenzake yamechomwa au yametiwa maji. Mama Konsolata, mwenye kinu kikubwa, alisimama mbele ya pipa lake mikono kiunoni: "Mafuta yangu haiwezi kulala na ya mwengine." Nyumba sita, mapipa sita, hakuna lililojaa. Wewe ukanivuta pembeni. "Nesto, waambie tuunganishe mu mapipa tatu, ijae, isicheze." Nikakukatalia. Nilikuona unaleta maneno mengi, na nilitaka tushuke kabla ya mvua. Nikasema mbona asubuhi zote yalikuwa nusu na hayakutikisika. Ukarudi kwenye stelingi, kwa sababu mwenye kipimo nilikuwa mimi.

Ilikuwa saa sita na mapipa yalikuwa yamekaa juani tangu saa tatu.

Tulipofika kwenye lile jiwe pana la katikati ulisimama, ukatoa kichwa nje. Ulisema, "Nesto, leo nyuma inacheza." Nilisikia. Usije ukadhani huko uliko kwamba sikusikia. Nilitazama tairi, nikaziona zimeshika, nikakukunjia ngumi. Twende. Ukaja. Gari likainama kidogo upande wa chini, kama lilivyoinama mara ishirini kabla, ila safari hii nilisikia mafuta yakihama ndani ya mapipa, yote sita kwa pamoja, yakagonga ukuta wa chini. Springi zangu laini zikalala upande ule. Ulikuwa bado unanitazama mikono. Sikuwa na ishara ya jambo lile.

Nilipokufikia chini ya gari lililopinduka, mawese yalikuwa yanatiririka juu ya mawe, mekundu, mepesi kama maji. Hapo hapo nilielewa. Nikiwa nimekushika kichwa chako, nikiwa sijajua bado kama umekufa, nilikuwa nimeshaelewa kosa ni la nani.

Na bado, mkuu wa kilima, kiongozi wa serikali wa kule, alipokuja mbio na kuniuliza ilikuwaje, nilimjibu kwa maneno matatu kwa lugha ya hapa, ili asiulize zaidi: "Gari ilimushinda, mukubwa." Sikupanga. Yalitoka yenyewe. Polisi alipofika mkuu wa kilima ndiye aliyeyasema kwa niaba yangu. Jioni yalikuwa yameenea Rumonge yote.

Tulikuzika siku ile ile, ilivyo desturi yenu. Kaka wa Zena alisimama mbele ya watu akasema, kama kuna aliyekosewa na marehemu, amsamehe. Watu wote wakajibu tumemsamehe. Na mimi nikajibu, kwa sauti. Mimi nilikusamehe wewe, Saidi! Nikichemsha chai nakumbuka neno hilo mpaka maji yanakauka sufuriani.

Sasa nikueleze ulivyo mjini siku hizi. Wewe uliyekuwa ukishuka jiwe moja kwa dakika kumi, mitaani unaitwa mtu wa mbio. Kwenye vibanda vya chai wanasimulia ulivyokuwa unajionyesha. Kule kilimani ni zaidi, wanasema Saidi alimwaga jasho la nyumba sita kwa mbwembwe zake. Nimekaa kwenye viti hivyo hivyo nikisikia, nikakoroga sukari iliyokwisha kuyeyuka.

Zena alipomaliza siku ya arobaini, eda haijaisha, alikuja hapa kuazima viatu vyangu vya mpira. Sikumuuliza vya nini. Siku tatu baadaye ndipo nikasikia: alipanda korongo peke yake, pale pale ulipoanguka, akaenda nyumba moja moja akapiga magoti kuwaomba radhi kwa niaba yako. Mama Konsolata alimwacha nje ya ua muda mrefu kabla ya kumwitikia. Alinirudishia viatu vimeoshwa. Alinishukuru, "Murakoze, shemeji." Nikamjibu hakuna neno. Nikavitundika ukutani nikaendelea kukaza nati.

Huyo ndiye rafiki uliyekuwa naye. Ningekuwa wewe ningeamka nimpige.

Usidhani ni utu uliokuja kunizindua. Ni watu wa kilimani. Wiki iliyopita walishusha mwanamke wa uchungu kwa machela, wakachukua mchana kutwa, mtoto hakufika. Wakaja hapa garaji, wazee watatu, wakasema pikapu itengenezwe, hata wao wanaona haikuwa na kosa, kosa lilikuwa la dereva. Na dereva mpya wameshampata, kijana mtaratibu wa Nyanza-Lac. Walikuja naye, akalizunguka turubai mara mbili akaniambia, "Patron, miye sina mbio kama marehemu. Ntaenda pole pole, haiwezi kunishinda." Akatabasamu ili nitulie.

Saidi, nilimwona kichwani mwangu akiwa chini ya paa lile. Atakwenda pole pole kabisa, na mapipa yake nusu nusu, saa sita ya jua, na mtu mwingine mbele yake akimkunjia ngumi. Uongo wangu ulikuwa umeshakuua jina. Sasa ulikuwa unamtafuta na huyu.

Juzi nilikwenda kwa Zena. Sikukaa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, ya alfajiri, ya majani mawili ya springi, ya mapipa matatu uliyotaka na mimi nikakataa. Nikamwambia ulisema nyuma inacheza na mimi nikakukunjia ngumi. Alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Hakuacha kuchambua. Nilitamani alie, anitukane, aite majirani. Alipomaliza ungo wote aliniuliza neno moja tu, kama ulikuwa unaogopa pale mwishoni. Nikasema hapana, ulikuwa unanitazama mimi. Hapo akafunika uso kwa kanga.

Baadaye akasema, na nakuandikia kama alivyosema: "Nilipanda kule na miguu yangu, Nestori. Nyumba sita. Nilipiga magoti kwa kosa yenye haikuwa ya bwana yangu. Na wewe ulikuwa unajua." Sikuomba msamaha wake. Ningeomba angelazimika kunijibu, na nimeshamtwika ya kutosha. Akaniambia leo asubuhi tutapanda wote wawili, yeye atasimama nyuma yangu kwenye kila ua, mimi nitasema.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Sijui watanifanya nini. Huenda wataniambia gari lisikanyage tena kilima chao, na wagonjwa waendelee kubebwa kwa machela, na hilo nalo litakuwa juu yangu. Huenda polisi wataandika upya. Huyo kijana wa Nyanza-Lac nimemwita awepo, asikie kwa masikio yake. Wakikubali, nitarudisha majani yote mawili, nitapima saa sita ya jua, na mapipa yatajazwa mpaka mdomoni hata kama Mama Konsolata atazimia. Na kwenye stelingi, siku ya kupima, nitakaa mimi.

Nakuahidi jambo moja. Leo sitasema bahati mbaya. Sitasema Mungu alipanga, ingawa padri wangu alinipa ruhusa ya kusema hivyo. Nitasema ulinionya mara mbili na sikukusikiliza. Nitasema ulikuwa dereva mtaratibu kuliko wote wa ufuko huu. Nitayasema Kiswahili cha redio, polepole, ili hata wale vizee wasiosikia vizuri wapate.

Nakukosa, Saidi. Hakuna wa kubishana naye hapa. Natengeneza breki za watu kimya kama nachimba kaburi.

Pumzika, ndugu yangu. Zena amefika. Amesimama barabarani, hataki kuingia ndani, na hajaniita kwa jina. Amesema tu, twende.

Nestori