Ng'ombe Kumi na Wanane Nawakumbuka, Herufi Zinanitoroka

Mpendwa mshauri, pokea kwanza shukrani zangu, msaada nitauomba mbele, maana binti yangu alinisomea ukurasa wako wa gazeti ulimoandika kwamba ubongo wa mtu mzima bado unajifunza, nikalia kwa furaha, kwani nina miaka hamsini na sita na mwaka huu nimeanza darasa la watu wazima hapa Sapiwi, mume wangu Mayige akacheka akasema kichwa changu kimeshakauka kama kibuyu, lakini nikaenda. Sasa nimefanya jambo baya. Barua hii naisema kwa mdomo, anayeiandika ni dada wa steshenari Bariadi mjini, na nashukuru hanijui.

Darasani herufi zinaingia Jumanne, Ijumaa zimeshatoroka, nilizo na uhakika nazo ni a, e, m, n, s na t tu, wakati ng'ombe kumi na wanane wa baba niliowachunga usichanani, kwa kuwa hatukuwa na kaka, nawataja wote hadi leo, mwekundu mwenye baka begani, yule wa pembe iliyopinda, na nani alikuwa ndama wa nani. Basi katekista aliposikia niko darasani akaniomba nisome somo kanisani, niliona aibu kukataa, nikamwomba binti yangu anisomee kila siku, nikalishika lote kwa sikio, Jumapili nikasimama na kitabu mkononi nikalitiririsha bila kukosea hata neno, wanawake wakapiga vigelegele. Tangu siku hiyo mimi ndiye msomi wa kitongoji. Jirani yangu Generoza, ambaye naye hajui kusoma, akaja na chupa ya dawa ya mjukuu wake Salu, akasema, "Mayu, mama yangu, hebu nisomee, wewe Mungu amekufungua macho," nami nikaitazama chupa, nikakumbuka dawa niliyowahi kupewa mimi, nikamwambia vijiko viwili kutwa mara tatu. Kumbe ilikuwa kimoja, kutwa mara mbili, binti yangu ndiye aliyenisomea ile chupa baadaye. Mtoto alitapika, akalegea, wakamkimbiza zahanati. Namshukuru Mungu na yule muuguzi, Salu leo anakimbiza kuku. Lakini Generoza aliambiwa tu kwamba dawa ilizidi, anadhani kosa ni kijiko chake kikubwa, analia akijilaumu, na kila asubuhi ananiletea mtindi kunishukuru, na ameniambia chupa zote za nyumba yake zitapitia kwangu. Mshauri, ule mtindi haupiti kooni. Je, nimwambie? Na je, kichwani mwangu kuna kitu kimeharibika, niache shule? Wabeja sana kwa kunisikiliza.

Mama wa Sapiwi

Mama wa Sapiwi,

Nimefurahi Salu ni mzima. Sasa kaa vizuri nikugombeze. Kusema "sijui kusoma" kungekugharimu aibu ya dakika moja, wewe ukaona afadhali mtoto abahatishiwe dawa. Mama mzima! Usirudie tena.

Kichwa chako hakina ubovu wowote, na Mayige nitamjibu mimi: kibuyu hakikumbuki ng'ombe kumi na wanane. Tunapojifunza, chembe za ubongo huimarisha mawasiliano kati yao. Jambo likirudiwa mawasiliano hayo hupata nguvu, likiachwa hufifia. Wale ng'ombe uliwaona kila siku, ukawaita, ukawatafuta walipopotea, ukalala, ukaamka ukawaona tena, na usingizi ndio unaousaidia ubongo kuhifadhi mambo ya mchana. Herufi unazitembelea mara mbili kwa wiki kama mgeni, halafu unashangaa hazikuzoei! Hata lile somo la kanisani ubongo wako ulilishika kweli, ila ulifundisha sikio na mdomo. Macho hukuyafundisha kitu.

Kwa hiyo leo hii, kabla mtindi wa kesho haujaja, nenda kwa Generoza. Usizunguke. Mwambie, "Kijiko chako hakina kosa. Nilibahatisha, sijui kusoma." Akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Kisha muende pamoja zahanati, muuguzi awaelekeze kila dawa iliyomo nyumbani kwake. Ukirudi, mwambie na katekista.

Shule usiache. Kila siku chukua herufi moja, ichore chini kwa kidole, ifute, kisha jaribu kuiandika bila kuangalia. Ukikosea usiogope, huko kujaribu kukumbuka ndiko kunakouimarisha ubongo. Kesho yake anza na ya jana, na baada ya siku chache zirudie za nyuma. Ng'ombe ulimjua kwa baka lake, basi herufi nayo ijue kwa pembe yake. Na ulale vya kutosha. Generoza akishapoa, mwombe muende wote darasani.

Wako wengi wanaobahatisha kama wewe na hawasemi. Wewe umesema, na kwa hilo nina neno la kukupa. Binti unayemsomea mama, ishia hapa, mpe gazeti mkononi. Mstari wa chini ni wake, nimeuandika kwa herufi zake sita.

Asante, mama.