Solo ya Kaseti ya Mwaka Tisini na Tisa

Jumatatu, 14 Julai 2025

Baridi ya kuuma masikio. Nimeuza pakiti mbili za mbegu za kabichi, basi.

Jenifa, katibu wa kwaya ya parokia, ametuma WhatsApp kaseti yetu ya 1999. Imehamishiwa kwenye simu na mikwaruzo yake yote. Wimbo wa mavuno! Nimeusikiliza nimesimama katikati ya mifuko ya mbolea. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Suruali moja ya kitambaa, baiskeli isiyo na breki, njaa ya kudumu. Betri za redio tulizianika juu ya bati ili zitoe wimbo mmoja zaidi. Nilidhani nitakuja kuwa mtu fulani – kumbe muuza mbolea mwenye kitambi. Machozi yalinitoka. Mteja nikamwambia ni vumbi la dawa ya mahindi.

Halafu ikaingia ile sauti ya solo. Nikazima.

Jumanne, 15 Julai

Niandike ukweli walau humu. Solo ile si mimi. Ni Clemens.

Mimi nilikuwa besi, mstari wa nyuma, karibu na mlango. Mwaka ule tukitoka ziara, gari letu likasimama Laela. Kaseti ilikuwa imeshatutangulia, inapigwa kwenye duka la stendi. Binti mmoja anapima mahindi, debe mkononi, akauliza: nani kati yenu anaimba pale mwanzo? Clemens alikuwa ng'ambo ya barabara ananunua karanga. Nikajibu: mimi.

Neno moja! Binti ndiye Avelina. Mwaka uliofuata tukafunga ndoa. Clemens alikuwa ameshahamia Kabwe kwenye biashara ya dagaa, hata harusini hakuwepo. Wenzangu wengine wa kaseti walitawanyika. Waliobaki hakuna aliyewauliza. Bibi harusi aliponiomba nimwimbie, nikasema koo limeharibiwa na dawa ya mahindi. (Dawa hii imenisaidia sana maishani.) Miaka ishirini na tano ananichemshia tangawizi kwa huruma. Mimi nakunywa.

Alhamisi, 17 Julai

Mambo yameharibika. Jumapili tarehe 3 Agosti ni jubilei ya kwaya, miaka hamsini, na watu wa kaseti tunatakiwa tuimbe. Avelina amekutana na Jenifa kwenye jumuiya, na amenitolea ahadi: Flavian ataimba solo yake, koo limepona! Jenifa mwaka ule alikuwa darasa la pili, atajuaje? Amefurahi, ameandika jina langu.

Avelina ameniambia huku anatabasamu vilevile kama siku ya Laela. Ningesema palepale. Nimesema: sawa, Mama Kristiana. Mpumbavu mimi.

Jumanne, 22 Julai

Nimefanya mazoezi stoo. Noti ya juu sikuifikia. Imetoka sauti ya mlango wa bati. Nimerudi dukani, nimemkuta bibi mmoja amekuja kununua mbegu, ameshika kifua. Nikamwamkia. Ameniuliza kwa upole: mwanangu, nani amefariki? Nimemwambia hakuna, shikamoo tena bibi, nilikuwa naimba. Amenipa pole hata hivyo.

Jumapili, 27 Julai

Baada ya misa Jenifa ametangaza: Clemens wa Kabwe amepatikana, atafika Jumamosi. Avelina hakungoja hata amalize. Atafikia kwetu! Rafiki yake Flavian wa ujana, alale gesti kwa nini? Watu wakapiga makofi. Nimesikia baridi mpaka ndani ya soksi.

Mchana nimempigia Clemens nimwombe anisitiri. Sauti ileile! Imekuwa nzito kidogo tu. Sijafungua mdomo, yeye akaanza kunishukuru: kumbe mnaukumbuka ule wimbo! Akasema mkewe alifariki mwaka juzi, na tangu amzike hajaimba tena, hata kanisani. Ule wimbo ndio anaokuja kuuimba.

Nikasema karibu sana, ndugu yangu. Nikakata simu. Nimelia, na safari hii sikuwa na wa kumdanganya. Ni aibu.

Ijumaa, 1 Agosti

Nimesema!

Avelina alikuwa uani anapepeta ulezi. Nikasimama mbele yake kama mtoto aliyetumwa na mwalimu. Mama Kristiana, nikamwambia, solo ile si mimi. Ni Clemens. Ungo ukasimama. Akasema nilete simu. Akausikiliza wimbo wote, macho hayabanduki usoni kwangu.

– Na wewe uko wapi humo?

Swali gani hilo! Nimerudisha nyuma, nimemwonyesha. Pale ambapo mwalimu hajanyanyua mkono, besi mmoja anaingia peke yake, kwa nguvu, kama ng'ombe aliyeona zizi. Huyo.

– Huyo uliniambia ni Clemens.

Ndiyo. Sauti nilimwibia, na kosa langu nikamgawia.

Amecheka! Amecheka mpaka ulezi umemwagika. Amemrudisha ng'ombe yule mara tatu, nami nikacheka, nikajiona nimepona. Nikamwambia kwamba siku ile pale stendi nilimpenda kweli, hilo halikuwa uongo. Akasema anajua.

Halafu akaacha kucheka. Akaurudisha mwanzo kabisa, akaisikiliza solo peke yake, amefumba macho. Nilitaka kumshika mkono, sikuthubutu. Ilipokwisha akauliza basi la Kabwe linafika saa ngapi kesho. Saa tisa, nikasema, likiwahi. Akauliza kama mkewe Clemens, ambaye nilimsimulia Jumapili kwamba alifariki, aliugua muda mrefu. Nikasema sijui. Akaniachia ungo, akaingia ndani.

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Ulezi nimeuokota, si wote. Avelina yuko chumbani, nasikia anapiga pasi. Nimechungulia: ni gauni lile jipya la kitenge, alilosema ni la Krismasi.