Nyanya za Esther Zimetoka Nyekundu

Jumapili jioni, Agosti 1996. Mvua imenyesha tangu saa nane mchana, ile yetu ya kila siku, lakini leo imekuja na mawe. Moyo ni mzito na sina haja ya kuuficha.

Binti yangu Chelangat, aliyefunga shule ya bweni, yuko chumbani kwake. Anajifanya amelala. Likizo ya Aprili alikaa kwa dada yangu Rachel, kule Fort Ternan, kwa hivyo hii ndiyo mara yake ya kwanza kukaa nyumbani tangu tumzike mama yake Januari. Nilitaka akute kitu kimoja kiko vile alivyokiacha.

Kitu chenyewe ni nyanya.

Mwanaume mzima, naandika habari za nyanya! Lakini majirani wote wanazijua nyanya za Esther, mke wangu. Zilikuwa kubwa, za rangi ya machungwa, na kipande kimoja tu kilifunika mkate. Hakuzipika. Alizikata, akazinyunyizia chumvi, na Chelangat akazimaliza kabla chai haijachemka. Nilipomtembelea shuleni mwezi wa sita nilimkuta amekonda, haongei. Nikasema, "Ukifunga shule utakula nyanya za mama. Bado ziko." Akatabasamu kidogo, na tangu saa hiyo ahadi ikawa deni.

Siku ya mazishi wamama wa kanisa waliokuja kupika waliingia kabungut, bustani yetu ndogo ya nyuma ya jikoni, wakachuma kila kilichoiva. Siwalaumu, wageni walikuwa wengi. Lakini niliona nyanya moja imejificha chini ya majani, nikaitia kwenye mfuko wa koti.

Nilimzika mke wangu nikiwa na nyanya mfukoni.

Watu walipoondoka niliikamua mbegu, nikazikausha juu ya gazeti, nikazichanganya na jivu, nikazifunga kwa kitambaa na kuzitundika jikoni juu ya moshi. Hivyo ndivyo mama yangu alivyoweka mbegu za wimbi na malenge, na hazikumwangusha hata msimu mmoja. Sikuona sababu ya nyanya kuwa tofauti.

Hapa kwetu mwanaume hana shughuli kabungut. Chai ni yangu na ng'ombe ni wangu, lakini mboga ni za mwenye jikoni, na miaka yote ya ndoa sikuvuka ua wa bustani ile. Mwaka huu nimeuvuka kila jioni, nikitoka kupeleka majani ya chai. Nimezipanda mbegu zile, nimeifunika miche kwa karatasi ya nailoni baridi isiiue, nimeifunga kwa vijiti, nimeng'oa magugu nimepiga magoti. Rachel alipokuja kunisalimia alisimama mlangoni akacheka mpaka akashika mbavu. "Wewe, siku hizi umekuwa bibi ya nani?" Nilicheka pia. Ukweli ni kwamba nilipokuwa pale nilimhisi Esther karibu, na sikutaka kutoka.

Wiki iliyopita zikaanza kuiva.

Nyekundu. Nyingine ndogo kama plamu, nyingine za manjano zilizopauka, zimejaa maji. Nilijiambia zitageuka. Nilingoja moja kubwa kuliko zote, nikaichungulia asubuhi na jioni. Nayo ikawa nyekundu kama za sokoni Chepilat.

Leo baada ya kanisa Chelangat alichukua kisu mwenyewe. Akakata, akatia chumvi, akaonja kipande kimoja. Akaweka kisu chini polepole.

"Baba, hii si ile."

"Ni ile. Mbegu nilitoa kwa nyanya ya mama yako."

Akaniangalia kwa huruma, na huruma ya mtoto wako ni ngumu kubeba. "Mum alikuwa ananunua mbegu, Baba. Kila season. Alikuwa ananituma Kaplong, kwa duka la agrovet. Hiyo ni hybrid, mbegu ya kuchanganywa. Ukipanda mbegu yake, hairudi vile ilikuwa."

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua. Nililia, sitasema uongo. Miezi hii yote nilidhani kuna kitu chake kidogo nimekiokoa, kumbe nilikuwa nalea nyanya tu.

Niliporudi Chelangat aliniambia duka analijua na pakiti anaijua, tunaweza kupanda tena. Nilimjibu vibaya. Nilisema, "Sitaki nyanya za duka, nataka za mama yako." Akasema kwa sauti ndogo, "Lakini hizo ndizo zilikuwa za mama." Akaingia chumbani.

Ana haki. Kila msimu Esther alinunua, akapanda, akangoja, akaanza upya, na mimi nilikaa mezani nikila nikidhani zinaota tu zenyewe. Si nyanya peke yake zinazoniuma sasa. Alimtuma mtoto Kaplong miaka yote hiyo na sikuwahi kusikia. Ni mangapi mengine aliyokuwa akiyafanya nyuma ya ule ua?

Asubuhi nitamwomba Chelangat msamaha, kisha tushuke pamoja Kaplong. Njia ni ndefu kwa miguu, na ni vizuri iwe ndefu. Nilikaa na mke wangu miaka kumi na saba, na kesho itabidi nimwulize mtoto mama yake alikuwa mtu wa namna gani.