Maneno Niliyoyafupisha Kule Sericho

Bulapesa,
Isiolo.
14 Februari 2025

Mpendwa dada yangu Hamdia,

Asalaam aleikum warahmatullah. Unaendeleaje huko Edmonton na hiyo baridi? Goti limepona? Na watoto, bado wanasikia Kiborana au walikiacha uwanja wa ndege? Sisi tuko wazima, alhamdulillahi, ila uchovu. Presha ya mama imeshuka, anakula vizuri. Mvua za mwisho wa mwaka hazikufika. Tunameza vumbi tu.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu kwa simu ningekwambia mambo ni sawa, kisha tungecheka.

Mwaka juzi nilikupigia kwa furaha nilipopata kazi ya kutafsiria wale wahandisi wa kujitolea kutoka Uswidi. Walikuwa watatu, wote wastaafu, na mkubwa wao mama mmoja anaitwa Birgit. Walijilipia nauli wenyewe, wakaja kuweka pampu ya sola kwenye kisima cha manyatta moja mbele ya Sericho. Watu wema, Hamdia. Walilala kwenye hema, wakala tulichokula.

Siku ya mkutano alisimama bibi mmoja, Akko Talaso. Alisema maji ya pale hubadilika wakati wa kiangazi, yanakuwa makali, ndoo ya chuma haimalizi misimu miwili. Alianzia kisima alichochimba babake, akataja ndoo moja moja. Jua lilikuwa utosini, na mimi nilikuwa nikitafsiri tangu asubuhi, koo limekauka. Nikamgeukia Birgit nikasema, "Anasema maji yana chumvi kidogo."

Birgit akajibu kwamba wameyapima na chumvi si nyingi. Ni kweli walipima, lakini mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Wakashusha mabomba ya chuma.

Septemba iliyopita mabomba yalikuwa yameliwa na kutu. Yakakatika, pampu ikatumbukia kisimani. Kina mama wakarudia safari ya mwendo wa saa sita kufuata maji. Waqo, mtoto wa Akko Talaso, alihamisha ng'ombe kuelekea Garba Tula. Kumi na mmoja hawakufika.

Birgit alipopiga simu kuuliza kumetokea nini, nilimwambia ukweli wote. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Nakuja."

Alikuja Januari, peke yake, na fedha za mabomba ya plastiki. Kithinji, yule fundi wa kuchomelea hapa mjini, alitutengenezea ndoana ya chuma. Siku nne tulivua pampu kwa kamba. Viganja vyangu bado havijapona, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Siku ya tano nilienda kwa Akko Talaso. Nilimwambia kwamba siku ile sikufikisha maneno yake.

"Niliona," akasema. "Mimi niliongea mpaka kivuli kikahama. Wewe ukasema maneno matano. Nikadhani lugha yao ni fupi."

Hamdia, afadhali angenitukana.

Hakusema amenisamehe. Alichukua fimbo yake, tukaenda mpaka kwa Birgit, akaketi, akayasema yote upya tangu kisima cha babake. Kila nilipotaka kuruka kitu alinigonga mguu. "Bado. Hujamwambia ile ndoo ya harusi yangu." Birgit aliandika kila neno. Alasiri ilitukuta hapo hapo.

Maji yalitoka Alhamisi. Mwaka juzi kulikuwa na vigelegele na mbuzi akachinjwa. Safari hii kina mama walipanga mitungi tu, wakaanza kujaza. Waqo alinipita na ngamia wake, hakunisalimu. Sikumlaumu.

Sasa kuna wahandisi wengine wanataka niende nao Leparua mwezi ujao. Sijawajibu. Nalala mapema, naamka nimechoka vile vile. Mama hajui habari hii; nakuomba usimwambie, nitamwambia mwenyewe.

Msalimie shemeji, na Ikra na Abdisamad, uwabusu. Mama anakusalimu, na shangazi Sahra anauliza utakuja lini. Mungu akulinde ugenini, akupe afya wewe na nyumba yako, na akiwa na mvua ya ziada atukumbuke huku.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Warfa